Feni Inayomtii Jirani

Wiki tatu nzima mke wangu alikuwa haniiti kwa jina. Alikuwa ananiita rubani. Alisema yeye aliolewa Tarime, hakuolewa uwanja wa ndege, na kama kile kisanduku changu hakitanyamaza usiku nihamie nacho huko kinakotaka kurukia. Mama muuza chapati wa mlango wa pili naye alikuwa amepunguza salamu. Alishawaambia wateja wake kwamba nimefungua mashine ya kusaga kwa siri, nakwepa ushuru. Mngurumo aliusikia kila siku, unga hakuuona, na kwa hesabu zake hilo ndilo lililoonyesha jinsi nilivyo mjanja.

Naomba nijitetee. Mimi sisagi. Mimi ni mtu wa video: harusi, sendofu, kipaimara, arobaini ya marehemu, na mnada wa ng'ombe nikilipwa vizuri. Nina chumba kimoja si mbali na stendi. Nina kamera moja na nusu, hiyo nusu iko kwa fundi tangu mwaka jana. Na nina kompyuta ndogo ya mezani, zile za ofisini zinazokuja mtumba kutoka Ulaya zikiwa bado zina stika ya mali ya ofisi, unene wake kamusi mbili zilizolaliana. Niliipenda kwa wembamba wake. Meza yangu ndogo, na siku nikiitwa kazi ya mbali naitia kwenye begi la mgongoni, napanda bodaboda nayo. Vijana wenzangu wa video wana makasha makubwa kama kabati la vyombo, yanawaka taa za rangi kama baa. Nilikuwa nawacheka.

Siwacheki tena.

Ndani ya wembamba huo nilipachika kadi ya grafiki, GTX 1050 Ti, ile ya kimo kifupi iliyotengenezwa kwa ajili ya masanduku ya aina hii. NVIDIA walitoa 1050 Ti mwaka 2016, kwa hiyo ni kadi iliyokula chumvi, lakini kwa mtu wa harusi ni trekta. Uzuri wake haidai waya wa pembeni wa umeme. Inakunywa yote kupitia soketi yake ya mazabodi, wati 75 basi. Wati 75 unaweza kuzidharau mpaka ukumbuke bibi yako alikuwa analelea vifaranga kwa balbu ya wati ngapi. Sanduku la mbao, balbu ndani, mfuniko juu, na vifaranga vimelala fofofo na baridi yote hii ya alfajiri ya Tarime. Basi mimi nilijenga banda la vifaranga bila kujua, isipokuwa vifaranga vyangu ni transista bilioni 3.3 na joto havilipendi hata kidogo.

Kadi ilikuja na feni zake mbili, kila moja upana wa vidole vitatu. Zilifanya kazi miaka bila shukrani ya mtu, mpaka ilipokuja harusi ya Mugumu.

Mwenye shughuli alikuwa mzee mmoja wa huko Serengeti, anamwoza binti kwa watu wa upande wa Nyamongo. Kwa Wakurya mahari ni ng'ombe, hilo linajulikana, na mzee huyu ameishi vya kutosha kujua kwamba ng'ombe aliyepokelewa leo anaweza kukanushwa kesho. Kwa hiyo akaniagiza nipige picha ng'ombe mmoja mmoja, pembe, sikio, mkia na ubavu wenye alama, halafu wote kwa pamoja wakiingia zizini. Kwake ile video ilikuwa risiti, maharusi ni pambo la juu ya risiti. Hiyo tu ningeiweza. Lakini ana kijana wake anayeendesha watalii hifadhini, na kijana akaleta kwenye flashi nyumbu wakivuka Mto Mara. Mzee alipowaona macho yakamwaka. "Hao nao watie," akasema. "Watie baada ya ng'ombe, haraka haraka, mtu asijue wapi ng'ombe wameishia na wapi nyumbu wameanzia."

Nikakubali. Mtu akikuletea nyumbu, na pesa ya nusu mkononi, unakubali.

Sasa kwa wasiojua kazi hii: video ikishapangwa lazima uirende, yaani uichemshe mpaka iwe faili moja la kuangalika. Kompyuta katika kuchemsha huko ni mvivu mwenye akili. Kitu ambacho hakijasogea toka picha iliyopita haikichori upya, inasema tu "kama pale juu". Bibi harusi akiinamisha uso dakika tano kwa haya, kompyuta inakunywa chai. Ila nyumbu wakirukia maji, kila kwato imehama, kila tone limehama, vumbi lote la ukingoni limehama. Hakuna cha "kama pale juu". Wanasema nyumbu wa Serengeti wanazidi milioni moja, na nina hakika nusu yao walikuwa kwenye flashi ya yule kijana.

Kazi ilipofika asilimia 41 ikaanza kutambaa. Kadi za kizazi hiki zimefundishwa kwamba zikikaribia nyuzi 83 zipunguze mwendo zenyewe kabla hazijaungua, kama mbeba mizigo anayetua gunia bila kukuuliza. Halafu ikaja harufu. Kila mtu mwenye kompyuta anaijua, ni harufu ya pesa inayotoka mfukoni kwa njia ya hewa.

Nikafungua mfuniko. Feni moja ilikuwa imekwama kabisa, ukiisukuma kwa kidole inarudi nyuma kwa kiburi. Nyingine inazunguka kwa kujisikia. Na kote humo kumejaa vumbi jekundu. Barabara ya kutoka huku kwenda Nyamongo mpaka Mugumu nilikuwa nimeipita mara ngapi na begi mgongoni? Nadhani kipande kizima cha barabara nilikuwa nimehama nacho, kidogo kidogo, bila kibali cha mkandarasi.

Fundi wa kwanza ni fundi redio wangu, mzee ambaye ametengeneza redio za mkulima tangu mimi sijazaliwa. Akatia tone la mafuta ya cherehani kwenye kitovu cha kila feni. Msicheke, ni dawa. Feni hizi ndogo nyingi zinazungukia kwenye bomba dogo lenye ute wa mafuta, na ute ukikauka chuma kinasagana na chuma. Dawa ile ikanipa siku sita. Siku ya saba feni zote mbili zikafa kwa pamoja, kama wazee waliooana zamani.

Basi nikaanza kutafuta feni. Tarime mjini nikaambiwa nenda Sirari. Sirari nikaambiwa vuka ng'ambo, Isebania. Isebania kijana mmoja akaipiga picha feni yangu, akaituma Nairobi, akasubiri, akanigeukia na uso wa daktari: "Hiyo model haiko, boss. Lakini naeza kupata kadi nzima, poa sana." Bei aliyoitaja ilikuwa ng'ombe wawili. Hawa wenye viwanda vya kadi kila mmoja anaamua tundu za skrubu zake zikae wapi, wengine milimita 39, wengine 40, wengine 42, ili feni ya mwenzake isiingie. Matairi ya baiskeli yana ukubwa unaofahamika dunia nzima, lakini kifeni cha vidole vitatu kina ukabila.

Ushauri wa barazani nao haukukosekana. Mmoja akaniambia nifungue madirisha. Mwingine, dereva wa Probox, akaniapia kwamba feni ya radieta ya gari nayo ni ya volti 12, kwa hiyo ni ndugu. Ni kweli ni volti 12. Ila soketi ya feni kwenye kadi imezoea kutoa sehemu ndogo ya ampea moja, na feni ya radieta inakula ampea kadhaa kabla haijaamka vizuri. Ningeifunga pale, kadi ingekufa kwa kwikwi. Nakumbuka nilimweleza hivyo, akasema nyie wasomi waoga.

Mwishoni tukapata feni moja kubwa, ya milimita 92, kutoka kwenye kompyuta marehemu ya steshenari ya jirani. Tukang'oa zile ndogo mbili, tukalaza kubwa juu ya mapezi ya bati ya kadi, tukaifunga kwa vikamba vya plastiki vya kubania nyaya. Ilikaa vizuri kama mtoto mgongoni. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba kupata feni ni kazi ya siku moja, na kuifanya feni isikie ni kazi ya mwezi.

Tuanze na rangi za nyaya, maana hapo tulizika mtu. Kabla ya ile ya milimita 92 tulijaribu nyingine yenye nyaya tatu: mweusi, mwekundu, manjano. Mimi nilikuwa nimesoma usiku kucha nikajua manjano ndiyo volti 12. Fundi akauliza, "Una hakika, mura?" Nikamwambia nina hakika, nimesoma. Akaunga. Feni ikatoa kamoshi kembamba, kazuri, kakapinda kuelekea dirishani, basi. Kumbe nilichosoma ni cha feni za nyaya nne. Kwenye nne, mweusi unarudisha, manjano unaleta volti 12, kijani unaripoti mzunguko, bluu unaleta amri. Kwenye tatu, mwekundu ndio wenye moto na manjano ndiyo inayoripoti. Rangi ile ile, kazi mbili, na waliopanga hivyo wamelala salama nyumbani kwao. Fundi hakunisema. Alichukua tu ile maiti akaitundika ukutani juu ya meza yake, na kila mteja akiuliza anajibiwa: "Hiyo ni ya msomi."

Huo waya wa bluu sasa ndio wenye hadithi. Amri inayopita humo si ya maneno. Ni mapigo, washa zima, washa zima, mara 25,000 kwa sekunde moja. Wakati wa kuwasha ukiwa mrefu kuliko wa kuzima feni inaongeza mbio, ukiwa mfupi inapunguza. Ni konda anayegonga bodi la daladala: dereva haoni kitu nyuma, anaendesha kwa mikono ya konda. Na wale waliopanga wakaweka sharti la busara, kwamba ikitokea konda amenyamaza kabisa, waya umekatika au haukuungwa, feni isisimame. Ikimbie kwa nguvu zake zote, ili kitu kisiungue wakati watu wanatafuta kosa. Busara kwelikweli, isipokuwa kwa mtu ambaye fundi wake ameunga mweusi na manjano tu na kuuacha wa bluu unaning'inia, kwa sababu "huo wa bluu hauna moto, mura, utakusaidia nini?"

Hapo ndipo nilipopata cheo cha urubani. Feni ilikimbia usiku na mchana, iwe narenda nyumbu, iwe naandika barua ya mkopo. Na katika siku hizo hizo za kelele mzee wa Mugumu akapiga simu kwamba anataka kuwe na sauti ya mtu anayesimulia, kama kwenye televisheni. Nikarekodi usiku, blanketi kichwani, kipaza sauti kifuani, ndege yangu ikiwa inaunguruma nusu mita pembeni. Nilijua imeingia. Nikajiambia nitaisafisha baadaye. Msemo huu "nitaisafisha baadaye" ndio unaowaweka watu wa video masikini.

Nikasema basi, kama kadi haina soketi inayolingana, niiunge ile feni kwenye mazabodi, maana pale kuna soketi moja ya akiba ya nyaya nne, inaingia yenyewe bila kulazimishwa. Ikaingia. Nikawasha. Kimya. Kimya kile cha kusikia inzi. Mke wangu akaleta chai mwenyewe, akaniita kwa jina.

Nikaanza kurenda. Feni ikazunguka taratibu, inapunga kama bibi anayemfukuzia mtoto mbu. Nyuzi 70. Inapunga. Nyuzi 78. Inapunga. Kadi ikafika 83, ikaanza kutambaa, na feni iliyolala juu yake, inayogusana nayo, haina habari. Nikazima nikiwa natetemeka. Halafu nikafungua programu ya kuchapa tangazo la kanisa, kazi ya prosesa ambayo hata kikokotoo kingeiweza, na ghafla feni ikapandisha mashetani.

Nilikaa chini nikatafakari. Soketi ya mazabodi inapokea amri kutoka kwa mazabodi, na mazabodi inaangalia joto la prosesa. Haina habari kama kuna kadi inaungua mlango wa pili. Nimempa mgonjwa muuguzi ambaye kipimajoto chake kiko kwapani mwa jirani. Jirani akikohoa, mgonjwa anafunikwa blanketi tatu. Mgonjwa akizimia, muuguzi anaangalia jirani anavyotabasamu, anaandika "hali nzuri".

Nilipomwelezea mke wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema anawafahamu wanaume wa namna hiyo. Sikuuliza.

Ziko programu za bure za kutatua jambo hili. Moja inaitwa Fan Control, na kweli inaweza kusoma joto la kadi na kuiamuru feni ya mazabodi. Nikaiweka. Ikafunguka vizuri, ikanionyesha joto la kila kiungo, la kadi, la prosesa, mpaka la diski. Ilipofika kwenye safu ya feni za kuamuru ikaandika hakuna. Hakuna! Nayo inavuma hapo hapo, naihisi kwenye vidole vya miguu. Hizi kompyuta za ofisini nyingi zimefungwa na waliozitengeneza, feni inaongozwa na kitu cha ndani ambacho hakipokei wageni. Ilitengenezwa kwa karani wa Ulaya ambaye hana ng'ombe wala nyumbu.

Fundi redio akaja na wazo lake: swichi ya kuzungusha ya pangaboi, ile ya ukutani yenye namba 1 mpaka 5. Nilimpigia magoti. Ile ni ya umeme wa ukutani wa volti 230, umeme unaoenda na kurudi, na hii yetu ni volti 12 ya moja kwa moja. "Kwani zote si feni?" akauliza. Mle mle mwa dereva wa Probox. Ukimkatalia mtu wa huku kwa sababu ya kitaalamu anakuona unaringa, kwa hiyo nikamwambia mke wangu hapendi rangi yake. Hilo alilielewa mara moja.

Ikabaki njia moja ya haki, feni imsikilize anayeungua. Iungwe kwenye soketi ya kadi yenyewe. Kadi ina kipimajoto chake, ina konda wake, inajua siri zake zote. Tatizo ni kwamba soketi ya kadi ina pini zilizoachana milimita 2, na plagi ya feni za kawaida imeachana milimita 2.54. Nusu milimita na kidogo! Unene wa ukucha ndio uliokuwa unanitenganisha na ndoa yangu. Nikaambiwa kuna kiwaya cha kuunganisha, kinauzwa Nairobi. Nikatuma pesa kwa simu, nikatuma na ya basi, nikasubiri siku tisa, nikaenda Isebania kukichukua mwenyewe. Kikawa na plagi kubwa huku na plagi kubwa huku. Muuzaji nilipompigia akasema hiyo pia ni ya feni. Dunia nzima ina jibu moja.

Narudi nyumbani nimenuna, nakuta mwanangu wa miaka minne anaburuta kitu sakafuni kwa mkia. Gari lake. Gari lenyewe ni feni yangu ndogo iliyokufa, na mkia ni waya wake, na mwisho wa mkia, ninyi mnaosoma mmeshajua, ni plagi ndogo ya milimita 2. Ilikuwa chumbani mwangu siku zote hizo. Nilivuka mpaka wa nchi kuitafuta, na dereva wake alikuwa ananisubiri nitoke ili alipitishe juu ya kiatu changu.

Kununua gari kwa mmiliki kulinigharimu soda na biskuti pakti mbili.

Fundi akaukata mkia aunge kwenye feni kubwa, na hapo tukakuta jipya: nyaya zote nne nyeusi. Nyeusi tii. Fundi akanitazama kwa upole. "Haya, msomi. Soma." Mzee akatoa mita yake, akaweka ncha moja kwenye kipande cha chuma cha kadi kinachofungwa skrubu nyuma, ncha nyingine akawa anagusa pini moja moja mpaka mita ikalia. Huo unaorudisha umepatikana. Akawasha kompyuta, akapima wenye volti 12. Waliobaki wawili, mwenye ripoti na mwenye amri, akawapata kwa kujaribu. Alipokosea feni ilikimbia ovyo, alipogeuza ikatulia, na hakikuungua kitu. Robo saa. Hakusoma popote.

Halafu ikaja kazi yangu, ya kuipangia feni tabia. Natumia MSI Afterburner, unachora mstari: joto hili, mbio hizi. Nikapanga chini ya nyuzi 50 ipunge kwa asilimia 30, nyuzi 70 iwe 60, ikifika 80 ikimbie yote. Kwenye karatasi ni mstari mzuri. Kwa masikio ilikuwa mtu wa pumu anayepanda mlima wa Nyamwaga: inavuta, inaachia, inavuta, inaachia. Kadi inapata moto kwa sekunde chache na kupoa kwa sekunde chache, na feni tiifu inafuata kila mhemko. Utiifu nao ukizidi ni ugonjwa. Nikaipunguzia masikio, ikaambiwa isishushe mbio mpaka joto lishuke nyuzi 5 kamili. Ikatulia. Kuna na jambo la hewa yetu, ambalo nalitaja kwa sababu hakuna anayetuhurumia kwalo. Ziwa Victoria tu liko mita 1,134 juu ya bahari, na hapo hewa imeshapungua uzito kama sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Dar es Salaam. Sisi wa Tarime tunalitazama ziwa kutoka juu. Feni ya mtu wa Kariakoo inasukuma hewa nzima, yangu inasukuma hewa iliyopunjwa, na bei tulinunua moja. Ila baridi ya usiku inafidia, siwezi kulalamika kila kitu kwa siku moja.

Nyumbu walivuka Mto Mara salama usiku wa Jumatano. Kadi haikupita nyuzi 74. Chumbani kulikuwa na sauti kama ya mtu anayepuliza chai.

Mzee wa Mugumu akaja mwenyewe kuiona kabla ya kulipa nusu iliyobaki. Akakaa, akavua kofia. Ng'ombe wakapita, akawahesabu kwa kidole, akaridhika. Nyumbu wakapita, akanikonyeza. Ikaja sauti yangu ya simulizi, na nyuma yake ule mngurumo, maana kusafisha baadaye hakukuwahi kufika. Nikainamisha uso kama bibi harusi. Mzee akasimamisha video. Akasikiliza tena. Akanigeukia.

"Kumbe ulirusha ile ndege ndogo!"

Nikafungua mdomo.

"Yule wa harusi ya jirani yangu walimtoza laki mbili ya hiyo ndege, na yeye hata haikusikika."

Nikafunga mdomo. Akaongeza elfu hamsini juu ya tuliyopatana, akasema na asiambiwe mtu kwamba ni mchoyo.

Imebaki kasoro moja ndogo. Feni ile ina unene wa milimita 25, na ule wembamba nilioupenda hauna mahali pa kuziweka. Mfuniko haufungi. Vumbi nalo linaingia likiimba. Kwa hiyo nimekata tundu kwenye mfuniko, na juu ya tundu nimebandika wavu wa chekeche la unga, lile la jikoni, kwa ruhusa ya maandishi. Linakamata vumbi vizuri ajabu. Kila jioni nalikung'uta mlangoni, linatoa poda nyekundu laini.

Jana jioni nilikuwa nalikung'uta, mama chapati akapita. Akaliangalia chekeche. Akaangalia poda inavyoshuka. Akaangalia ndani, kisanduku kinanguruma taratibu mezani. Hakusema neno, akarudi kwake.

Leo asubuhi nimefungua mlango nikakuta beseni la mtama na udaga limewekwa kizingitini, na mama amesimama pembeni yake, salamu zote zimerudi, anauliza kilo ni shilingi ngapi.